Fremu za aina mbili kwenye kebo moja, na baiti 8 zinazokwamisha kurasa

SWALI: Mwalimu, mimi ni fundi wa maabara ya kompyuta katika shule ya sekondari hapa Arua. Tuna kompyuta 32, swichi 2 na kituo kimoja cha Wi-Fi. Nimeweka Wireshark, programu ya kunasa na kuonyesha kinachopita mtandaoni, ili niwafundishe wanafunzi wa S5 na S6 mtandao unavyofanya kazi. Kitabu kinasema kwenye LAN, yaani mtandao wa ndani, kuna Etheneti, ndani yake IP, ndani yake TCP, basi. Lakini mimi naona fremu, yaani vifurushi vya Etheneti, nyingine zimeandikwa Ethernet II na nyingine IEEE 802.3 zenye kitu kinaitwa LLC, zote kwenye kebo ile ile. ARP haina IP kabisa. ARP nyingine ni baiti 42, nyingine 60. Halafu, tangu kampuni ya intaneti ibadilishe muunganisho wetu uwe wa PPPoE, namna ya kufunga muunganisho wa intaneti ndani ya Etheneti, ping inakwenda vizuri lakini kurasa fulani zinaanza kufunguka kisha zinakwama. Je, mambo haya yanahusiana? Naomba unieleze kwa Kiswahili, maana darasani nina Walugbara, Waalur na wengine waliovuka kutoka Congo, na Kiswahili ndicho kinachowakutanisha.

JIBU: Ndugu fundi, yanahusiana, tena kwa karibu kuliko unavyodhani. Maumbo mawili ya fremu, ARP isiyo na IP, hizo 42 na 60, na kurasa zinazokwama, yote yanatoka kwenye mambo mawili ya ufungashaji. La kwanza, kila tabaka linapofunga mzigo wa tabaka la juu yake, lazima liandike mahali fulani ni nani atakayeufungua. La pili, kila kifungashio kinakula nafasi, na nafasi yenyewe ina mpaka uliowekwa zamani: baiti 1500. Kitabu chako hakikukosea. Kilikuonyesha masanduku yaliyomo ndani ya masanduku, lakini hakikukuonyesha maandishi yaliyo juu ya kila sanduku, na kazi yote iko kwenye hayo maandishi.

Tuanze na fremu ya kawaida. Kabla yake, kebo hupitisha baiti 8 za kuiamsha kadi ya upande wa pili ili ishike mapigo ya mtumaji. Wireshark haizioni, kwa sababu kadi huzitupa kabla programu yoyote haijapokea kitu. Kisha zinakuja baiti 6 za anwani ya MAC, yaani anwani ya kadi ya mtandao, ya mpokeaji, baiti 6 za mtumaji, baiti 2 ambazo nitazizungumzia kwa urefu, mzigo wenyewe kuanzia baiti 46 hadi 1500, na mwisho mkia wa baiti 4 za ukaguzi. Huo mkia mara nyingi nao huuoni kwenye Wireshark. Walimu wengi hufundisha fremu kwa mfano wa bahasha, nami nilifundishwa hivyo, lakini bahasha inauficha mkia. Etheneti huandika mbele, kisha hupiga muhuri nyuma. Muhuri unakaa nyuma kwa sababu kadi huukokotoa huku biti zikitoka. Ungekuwa mbele, ingebidi fremu nzima isubiri hesabu iishe kwanza. Mpokeaji hukokotoa upya, na namba zisipolingana fremu hutupwa kimya, bila yeyote kuambiwa. Kutuma tena ni kazi ya TCP huko juu.

Sasa zile baiti 2. Ukialikwa kwenye sherehe ya Kiganda utaletewa luwombo, chakula kilichofungwa kwenye jani la ndizi. Ndani huenda kuna kuku, huenda kuna karanga na samaki mkavu. Jani likishafungwa yote yanafanana. Mama anayepakulia wageni 40 hawezi kufungua kila moja achungulie. Anahitaji alama juu ya jani. Baiti 2 za fremu ni alama hiyo. Zikiwa 0800, kwa hesabu ya msingi wa 16, kadi inajua mzigo ukabidhiwe IPv4. Zikiwa 86DD, ni IPv6. Zikiwa 0806, ni ARP. Kadi haichungulii ndani, wala haibahatishi. Inasoma alama na kukabidhi.

Mchezo huo huo unarudiwa katika kila tabaka. Ndani ya kichwa cha IPv4 kuna baiti moja yenye kazi hiyo hiyo: 6 maana yake mpe TCP, 17 mpe UDP, 1 mpe ICMP, itifaki ya jumbe za mtandao wenyewe, ambayo ping huitumia. Ndani ya TCP kuna namba ya poti: 443 maana yake mpe programu inayosubiri kurasa za wavuti zilizofungwa kwa siri. Mwanafunzi wako akifungua ukurasa, fuata mnyororo pamoja naye kwenye skrini: 0800, kisha 6, kisha 443. Namba tatu tu, na fremu imefika mkononi mwa programu husika. Ningekuwa darasani kwako, ningetumia kipindi kizima kwa namba hizo tatu kabla ya kumtajia mtu yeyote tabaka 7 za kukariri.

Hapo ARP inajieleza yenyewe. Haikai ndani ya IP, inakaa kando yake, zote mbili zikiwa moja kwa moja ndani ya Etheneti. Na haiwezi kuwa vinginevyo. Kazi yake ni kuuliza: mwenye anwani hii ya IP, MAC yako ni ipi? Kama ingesafiri ndani ya pakiti ya IP inayokwenda kwa mtu mmoja, ingehitaji kuijua kwanza ile MAC inayoitafuta. Kwa hiyo David Plummer, aliyeiandika mwaka 1982, aliipa alama yake yenyewe na kuirusha kwa kila aliyeko kwenye kebo, kwa anwani ya MAC yenye F tupu.

Na 42 na 60? Swali la ARP ni baiti 28. Ongeza kichwa cha Etheneti, baiti 14, unapata 42. Lakini nilisema mzigo usipungue 46, kwa hiyo kadi inajaza sifuri 18 nyuma ya ARP, na jumla inakuwa 60. Ukiweka mkia wa 4 unafika 64, ambayo ndiyo fremu ndogo kabisa inayoruhusiwa. Fremu inayotoka kwenye kompyuta yako, Wireshark huinasa kabla kadi haijaijaza, ndiyo maana unaona 42. Inayotoka kwa mwenzako inakufikia ikiwa imeshajazwa, ndiyo maana unaona 60. Fremu zote mbili zilipopita kwenye waya zilikuwa na urefu uleule.

Wanafunzi watauliza kwa nini 64. Zamani kompyuta zote zilishiriki kebo moja nene, na mbili zikisema kwa pamoja, fremu ziligongana. Ili mtumaji agundue mgongano, alitakiwa awe bado anatuma wakati habari za mgongano zinamrudia kutoka mwisho wa kebo. Kwa kasi ya megabiti 10 kwa sekunde, muda wa kwenda na kurudi uliopangwa ulikuwa mikrosekunde 51.2, sawa na biti 512, sawa na baiti 64. Swichi zako leo hazina mgongano wa namna hiyo, kila poti ina njia yake ya kwenda na ya kurudi, lakini 64 imebaki.

Twende kwenye maumbo mawili, sehemu ninayoipenda kuliko zote. Etheneti ilizaliwa mwaka 1973 katika maabara ya Xerox huko Palo Alto, California, mikononi mwa Robert Metcalfe na David Boggs. Mwaka 1980 kampuni tatu, Digital, Intel na Xerox, zilitoa maelezo yake ya pamoja, na mwaka 1982 toleo la pili. Hilo toleo la pili ndilo Ethernet II unaloliona kwenye skrini. Humo zile baiti 2 ni alama ya aina, kama nilivyoeleza. Mwaka 1983 wahandisi wa IEEE, chama cha kimataifa cha wahandisi wa umeme na elektroniki, wakatoa kanuni yao ya 802.3, na mahali pale pale, badala ya aina, wakaweka urefu wa mzigo.

Usiwaone kama watu waliotaka kuharibu. Hoja yao ilikuwa nzito. Fremu ikijazwa sifuri za nyongeza, mpokeaji atajuaje mzigo halisi unaishia wapi? Ethernet II haisemi. IP inajiokoa kwa sababu kichwa chake chenyewe kina urefu wa pakiti, kwa hiyo IP huhesabu na kuacha zinazobaki. Itifaki isiyo na urefu wake yenyewe ingemeza sifuri kama chakula. IEEE walitaka kifungashio kijieleze bila kutegemea wema wa kilichomo.

Lakini wakishaweka urefu, alama ya anayefungua ikakosa mahali. Wakaongeza kichwa kingine ndani ya mzigo, ndicho hiyo LLC yako: baiti moja ya anayepokea, moja ya anayetuma, moja ya udhibiti. Baiti moja kwa itifaki zote za dunia ni nafasi ndogo mno. Ikabidi waongeze kingine tena, SNAP, baiti 5, ambamo ile alama ya zamani ya baiti 2 ikarudishwa kwa mlango wa nyuma. Ukiona AA AA 03 kisha sifuri tatu kisha 0800, hiyo ni IP iliyofungwa kwa njia ndefu: baiti 8 zimeliwa kusema kile ambacho Ethernet II inakisema kwa 2. Maelezo ya kupeleka IP ndani ya Ethernet II yalitoka mwaka 1984, ni waraka wa kanuni za intaneti uitwao RFC 894. Ya kuipeleka kwa njia ya IEEE yalitoka 1988, ni RFC 1042. Kwenye kebo, dunia ilichagua ya kwanza, na kwa maoni yangu ilichagua vizuri.

Je, kadi inazitofautishaje? Kwa ukubwa wa namba tu. Mzigo hauzidi 1500, kwa hiyo namba ya 1500 au pungufu ni urefu. Namba ya 1536 au zaidi, yaani 0600 kwenda juu, ni aina. 0800 ni 2048, haiwezi kuchanganywa na urefu wowote. Mwaka 1997 IEEE wenyewe wakakubali maana zote mbili ndani ya kanuni yao, na ugomvi ukaisha rasmi. Ndiyo maana kebo yako inabeba zote bila shida.

Basi hizo za 802.3 katika maabara yako zinatoka wapi? Yaelekea sana ni swichi zako. Andika llc kwenye kichujio cha Wireshark, kisha tazama anwani ya mpokeaji. Ukiona 01:80:c2:00:00:00 zikija kila baada ya sekunde 2, hizo ni za STP, itifaki ya swichi kuulizana kama kuna mtu amechomeka kebo ikafanya duara. STP ilizaliwa ndani ya IEEE, ikavaa nguo za kwao: urefu 38 au 39, halafu LLC yenye 42 42 03. Hapo utaona faida ya ule urefu. Mzigo 38 umepungua 46, kwa hiyo kuna sifuri 8 za kujaza, na swichi inajua hasa isome hadi wapi. Fungua fremu moja na wanafunzi wahesabu wenyewe.

Mimi somo hili nilijifunza kwa kuteseka. Miaka ya 1990 mwishoni, ofisi moja Kampala iliniita. Walikuwa na seva ya Novell NetWare, mfumo wa zamani wa kushirikiana faili, na kompyuta za uhasibu, wakanunua kompyuta mpya, na ile mpya haikuiona seva. Kebo nzima, kadi nzima, taa zinawaka. Nilibadilisha kadi, nikabadilisha kebo, nikalala na tatizo siku mbili. Novell kwenye matoleo ya zamani walifunga itifaki yao ya IPX ndani ya 802.3 bila LLC yoyote: urefu, kisha IPX moja kwa moja, ikianza na FFFF. Kuanzia toleo la 3.12 wakabadili, mazoea yakawa 802.3 yenye LLC. Seva ya ofisi ile ilikuwa ya zamani, programu ya kompyuta mpya ilikuwa ya kisasa. Fremu zilifika, umeme ulifika, lakini kila upande ulisoma alama ya mwenzake ukaona si yake, ukatupa. Dawa ilikuwa mstari mmoja katika faili la net.cfg. Toka siku ile, mtu akiniambia mashine mbili hazionani, swali langu la kwanza baada ya kebo ni: mnafunga kwa namna moja?

Kuhusu Wi-Fi nitakuwa mfupi, ila kuna jambo litakalokushangaza. Hewani, fremu za Wi-Fi hazina ile alama ya baiti 2 mahali pake. Zinatumia ile njia ndefu, AA AA 03, LLC na SNAP. Kituo chako cha Wi-Fi kinapopokea, kinavua kichwa cha hewani, kinavua zile baiti 8, na kufunga upya kwa Ethernet II kabla ya kupeleka kwenye swichi. Wanafunzi wakinasa fremu kwenye laptopu iliyo kwenye Wi-Fi wataona Ethernet II, lakini hiyo ni sura iliyotengenezwa na programu ya kadi ili kurahisisha mambo. Njia ya IEEE iliyoshindwa kwenye kebo inaishi juu ya vichwa vyetu kila siku.

Kufunga upya huko ndiko kunatupeleka kwenye ruta. Chukulia unampelekea shangazi yako Ntinda kifurushi. Boda inakitoa shuleni hadi ofisi ya basi, basi linakishusha Kampala, boda nyingine inakifikisha. Jina la shangazi halibadiliki juu ya kifurushi, lakini kila dereva ana karatasi yake ya nani kampa na nani anampa, na karatasi hiyo haivuki zamu yake. Fremu ni karatasi ya dereva. Ruta ikipokea fremu, inaitupa yote, kichwa na mkia, inabaki na pakiti ya IP, inapunguza moja kwenye hesabu ya maisha ya pakiti, na inaifunga kwenye fremu mpya yenye MAC mpya. Kwa hiyo MAC ya kompyuta ya mwanafunzi haifiki hata mtaa wa pili. Anwani ya IP ndiyo husafiri, ingawa kwako ruta huibadilisha ile ya ndani iwe ya nje pakiti inapotoka shuleni. Na usidhani Etheneti ni jambo la maabara tu: UIXP, kituo cha Kampala ambako kampuni za intaneti za Uganda hubadilishana pakiti zao, moyo wake ni swichi za Etheneti. Fremu za pale zina umbo lile lile unalolionyesha darasani.

Kama siku moja utatenganisha mtandao wa mhasibu na wa wanafunzi kwa VLAN, yaani mitandao tofauti ndani ya swichi zile zile, utakutana na kifungashio kingine: baiti 4 zinazochomekwa mara tu baada ya MAC ya mtumaji. Zinaanza na 8100, na katika zinazobaki mna biti 12 za namba ya VLAN, zinazotosha VLAN 4094. Fremu kubwa kabisa inapanda kutoka 1518 hadi 1522. Swichi mpya haina neno, lakini nimeziona swichi za zamani za bei nafuu zikiitupa fremu hiyo kwa kudhani ni ndefu kupita kiasi. Kumbuka hilo, kwa maana ndilo tatizo lako la leo likiwa na sura nyingine.

Sasa kurasa zinazokwama. Hapa lile jambo la pili, la nafasi, ndilo linalohukumu. Etheneti inatoa baiti 1500 za mzigo. IP inachukua 20, TCP inachukua 20, zinabaki 1460 za ukurasa wenyewe. Kompyuta zako 32, zikiongea na seva yoyote, hutangaza mwanzoni kabisa: mimi napokea vipande vya hadi 1460. Tangazo hilo huitwa MSS. Linatokana na wanachokiona wao, yaani kebo ya shule yenye 1500.

Kampuni ilipowahamishia PPPoE, iliongeza kifungashio kati ya Etheneti na IP, lakini ni kati ya ruta yako na vifaa vyao tu. Fremu huko ina alama 8864 badala ya 0800. Ndani kuna kichwa cha PPPoE cha baiti 6, kisha baiti 2 za PPP zenye namba 0021, inayosema mpe IPv4. Unaona mnyororo ule ule wa nani afungue. Jumla ni baiti 8, na zinatoka ndani ya zile 1500. Pakiti ya IP inayoweza kupita sasa ni 1492. Kompyuta zako hazijui, kwa sababu kwenye maabara hakuna PPPoE. Hutaiona kwenye Wireshark yako pia, labda unase fremu kati ya ruta na kifaa cha kampuni.

Fuatilia kitakachotokea. Mwanafunzi anafungua ukurasa. Salamu za mwanzo za TCP ni pakiti ndogo, zinapita. Ombi la ukurasa ni dogo, linapita. Seva inaanza kujibu kwa vipande vilivyojaa, pakiti za 1500, kwa sababu ndivyo ilivyoambiwa. Zinafika kwenye kifaa cha kampuni upande wa pili wa PPPoE, na hapo hazienei. Pakiti nyingi za siku hizi hubeba alama ya kukataza kukatwakatwa, kwa hiyo kifaa kinaitupa na kumwandikia seva ujumbe wa ICMP: punguza, njia hii ni 1492. Huo ni utaratibu uliowekwa mwaka 1990 na unafanya kazi vizuri, mradi ujumbe ufike. Lakini wako wasimamizi wa seva wanaofunga ICMP yote kwenye fayawoli wakidhani wanajilinda. Seva haisikii kitu, inatuma pakiti ile ile tena, inatupwa tena. Kwenye skrini ya mwanafunzi ukurasa umeanza, kichwa cha habari kimeonekana, kisha kimya. Ping yako inapita kwa sababu kwa kawaida ni ndogo: baiti 32 za data kwenye Windows, 56 kwenye Linux. Haikuwahi kugusa dari.

Kwa nini kurasa fulani tu? Seva nyingine zinasikia ICMP na kupunguza. Nyingine hupunguza zenyewe zikiona kimya. Na tovuti kubwa kama YouTube hutumia QUIC, itifaki inayopita ndani ya UDP, ambayo huanza na pakiti za baiti 1200 hivi na kupanda kwa kujaribu njia kwanza. Hizo zote zitakwenda vizuri huku tovuti nyingine ikikwama, na ndiyo maana watu watakuambia tatizo ni la tovuti ile. Si la tovuti peke yake.

Usichukue neno langu, pima. Kwenye kompyuta ya Windows andika ping -f -l 1472 ikifuatiwa na anwani ya nje. Kwenye Linux ni ping -M do -s 1472. Namba 1472 ni data tu. Ongeza 8 za ICMP na 20 za IP unapata 1500 kamili. Ikikataa, jaribu 1464. Hiyo inapita na 1465 inakataa? Basi dari yako ni 1492, na mwizi wa baiti 8 umemshika. Jaribu pia anwani ya ruta yako ya ndani kwa 1472: itapita, na hapo utakuwa umeonyesha kwamba LAN yako haina kosa.

Dawa unaiweka kwenye ruta, wala huna haja ya kugusa kompyuta 32. Iambie ruta ibadilishe tangazo la MSS katika salamu za TCP zinazopita liwe 1452, yaani 1492 kutoa 40. Kwenye ruta za MikroTik iko sehemu ya mangle, kitendo cha change-mss. Kwenye Linux ni kanuni ya TCPMSS ya iptables. Seva itadhani kompyuta yako iliomba vipande vidogo tangu mwanzo, na hakuna pakiti itakayogonga dari. Sambamba na hilo, hakikisha ruta yako yenyewe haizuii ujumbe wa ICMP wa kupunguza ukubwa, usije ukawafanyia wengine unachofanyiwa.

Kuna jambo moja zaidi la kuwaonyesha wanafunzi kwa sababu watalikuta wakipima kasi. Kebo ya megabiti 100 haitawapa 100. Fremu iliyojaa inachukua muda wa baiti 1538 kwenye waya: 8 za kuamsha, 14 za kichwa, 1500, mkia wa 4, na pengo la lazima la baiti 12 kabla ya fremu inayofuata. Humo data ya TCP ni 1460. Gawanya, unapata karibu 94.9 kwa mia. Kompyuta nyingi huongeza baiti 12 za saa ndani ya TCP, na hapo inashuka hadi 94.1. Mwanafunzi akileta 94 kwenye kebo ya 100, mpe alama zote, kebo ni nzima. Akileta 60, hapo ndipo mtafute kosa.

Na wakati mwingine, ukinasa kwenye kompyuta inayotuma, utaona pakiti ya baiti 9000 au hata zaidi na utashangaa dari ya 1500 imekwenda wapi. Haijavunjwa. Mfumo hukabidhi kadi bonge moja na kuiachia kadi ikate vipande, na Wireshark inanasa kabla ya kukata, kama ilivyonasa ARP kabla ya kujazwa. Zima kazi hiyo ya kadi wakati wa somo, au nasa kwa kutumia kompyuta ya tatu iliyochomekwa kwenye poti ya swichi inayonakili mawasiliano, utaona fremu kama zinavyopita kweli.

Anza na ping jioni wanafunzi wakiwa wametoka, ili msongamano usikuchanganye. Ukikuta hata 1464 haipiti, shuka kwa 4 hadi ipite: huenda kampuni imeweka VLAN au kifungashio kingine juu ya PPPoE. Niandikie namba uliyoikuta, tuhesabu pamoja ni kifungashio gani.